Ruta ya Nyumba ya Watu Wawili

Asubuhi hizi mtaa ule hausikii tena sauti ya mwanamke akitoa amri. Kinyozi wa kona, ambaye kwa muda mrefu alifungua kibanda chake kwa kuisikiliza sauti hiyo, sasa anafungua anavyojisikia, mara mapema, mara jua limeshapanda, na wateja wanamlalamikia. "Kulia, Baba! Inua, usiburute! Sasa kushoto!" Ndivyo ilivyosikika kila siku kutoka kwenye baraza la nyumba yenye geti la bluu, hata mvua ikinyesha. Kilifuata kicheko cha mzee, kicheko cha upande mmoja wa mdomo, halafu maneno yake: "Afande, leseni ninayo. Nimeisahau nyumbani tu."

Kinyozi ndiye aliyempa mwanamke yule jina la Trafiki. Alimwona amesimama mbele ya baba yake aliyeegemea fimbo ya miguu minne, yeye akirudi kinyumenyume, mikono ameinyoosha, kiganja kimoja kikisema njoo, kingine kikisema simama kwanza. Jina likamganda. Aliyelifurahia kuliko wote alikuwa baba mwenyewe. Maisha yake yote ya kazi aliendesha greda la idara ya barabara, na alipenda kusema hakuna trafiki aliyewahi kumsimamisha, kwa sababu nani amsimamishe mtu ambaye bila yeye barabara yenyewe haipo?

Kabla ya hapo Trafiki alikuwa mjalidi katika kiwanda cha uchapaji. Alikuwa na meza yake karibu na dirisha, sindano yake nene, gundi yake, na tabia ya kunusa kila kitabu kabla hajakiachia. Ndoa yake ilikuwa imekufa kimyakimya, bila ugomvi wa kusimulia. Kisha upande wa kulia wa mwili wa baba yake ukazimika, siku ya kawaida kabisa, akiwa anafunga kamba ya kiatu. Mama yao alikuwa ameshatangulia. Kaka yao mkubwa alikuwa mhasibu nchi ya mbali, na dada yao mdogo, ambaye kila mtu alimwita Kitinda hata baada ya kuzaa watoto watatu, aliolewa mji mwingine, mwendo wa siku nzima. Akabaki wa katikati. Hakuna aliyemwambia aache kazi. Walisema tu, mmoja baada ya mwingine, "Wewe ndiye uliye karibu," na yeye akaelewa.

Wasingeweza kuja, kwa hiyo walituma vitu.

Kilianza kitu kimoja, kamera ndogo ya sebuleni, ili kaka amwone mzee akila. Kitinda naye hakutaka kupitwa, akatuma kengele ya mlango yenye jicho. Kaka akatuma saa ya kupima mapigo ya moyo. Kitinda akatuma kisanduku cha dawa kinachowaka taa na kusema saa ya dawa imefika. Zikaja balbu zinazojiwasha mtu akipita, plagi zinazozimwa kwa simu, kamera nyingine tatu, kisha mkeka mwembamba wa kutandika chini ya godoro: mzee akijiinua tu, simu za ndugu wote watatu zinalia. Kikaja na kisanduku kinachozungumza, ukikiuliza hali ya hewa kinakujibu. Kila kifaa kilikuwa na mwenyewe. Kamera za kaka hazikuguswa na Kitinda, na kisanduku cha dawa cha Kitinda hakikuguswa na kaka. Aliyevipangusa vumbi vyote alikuwa Trafiki.

Mzee alivitazama vikiongezeka, akatikisa kichwa. "Nyumba hii sasa ina macho kuliko nanasi."

Na kile kinachozungumza alikitania kama shemeji. "We binti, mumeo yuko wapi?"

"Samahani, sijaelewa swali lako."

"Hata mimi hajanielewesha mtu," mzee alijibu, akacheka mpaka mate yakamtoka upande ule usiosikia, na Trafiki akamfuta.

Tatizo lilikuwa ruta. Ile nyumba ilikuwa na ruta ya bure, nyeupe, ndogo kama kipande cha sabuni, waliyoletewa na kampuni ya mtandao siku ya kwanza. Ilikaa sakafuni nyuma ya televisheni na kubeba simu moja bila taabu. Sasa ilibebeshwa kijiji. Kamera ya jikoni ikishika, ya korido inaachia. Taa zikiwaka, saa inapotea. Trafiki alijifunza kuichomoa na kuichomeka, kuichomoa na kuichomeka, kama mtu anayemzaba makofi aliyezirai ili azinduke.

Na kila kitu kilipozimika, simu ililia.

"Mbona sebule nyeusi?" Ni kaka.

"Mtandao umekata, kaka. Nauwasha sasa hivi."

"Kila siku mtandao."

"Ruta imeelemewa. Vitu ni vingi."

"Au umechoka kuangaliwa?"

Neno lile lilimwingia. Alikuwa amemshika baba yake kwapani wakati ule, simu ameibana kwa bega, na mzee alikuwa akisikia kila kitu.

Kilichovunja kila kitu kilikuwa kisanduku cha dawa. Kilikatika mtandao kwa siku kadhaa, na kwenye simu za ndugu zake ikaonekana kwamba mzee hakumeza kidonge hata kimoja. Alikuwa amevimeza vyote, kwa mkono wa Trafiki, kwa maji ya uvuguvugu, kimoja kimoja. Trafiki aliapa. Kitinda akalia kwenye simu. Kaka hakulia. Alisema kwa sauti ile ya ofisini kwamba amepata likizo, atakuja na familia yake, na Kitinda atakuja, wakae kama familia waamue. Alikuwa ameshaongea na nyumba moja ya kutunzia wazee, mahali pasafi, pana manesi. Nyumba yao ingepangishwa. "Nikija nikakuta vifaa vinafanya kazi vizuri, tutaongea mengine. Nikikuta mambo ni haya haya, Baba anakwenda. Siwezi kulala ughaibuni huku nikitazama giza."

Simu ilikuwa kwenye spika. Mzee akasema, polepole, kwa sababu maneno marefu yalimchosha: "Kazi yangu yote nililala kambini. Mahema. Mabati. Kitanda cha serikali, blanketi ya serikali. Nilikuwa nasema, ipo siku nitalala kwangu mpaka nichoke." Akamtazama. "Sijachoka bado, Trafiki."

"Hutatoka hapa, Baba."

"Usiniahidi. Kanunue hilo dude jipya la mtandao."

Duka la vifaa vya mtandao lilikuwa kati ya duka la miwani na la viatu, jembamba, rafu zimejaa maboksi mpaka darini. Muuzaji alikuwa mama mnene, miwani ameipandisha kwenye paji la uso, mguu mmoja ameuvua kiatu chini ya meza. Trafiki aliomba ruta yenye nguvu.

"Nguvu ya nini, dada yangu? Kuna wa kucheza michezo, kuna wa kuangalia filamu. Una vitu gani?"

Trafiki akaanza kuhesabu kwa vidole. Vidole vikaisha, akaanza upya. Balbu peke yake zilimaliza mkono mmoja na nusu ya mwingine.

"Ee!" mama wa duka akasema. "Hiyo ni nyumba au uwanja wa ndege?"

"Ni baba yangu. Amepooza."

Mama wa duka akashusha miwani, akavaa kiatu. Akamwekea tatu mezani. Ya kwanza ilikuwa na antena nane zimesimama pande zote, kama buibui aliyekufa chali. Ya pili yalikuwa makopo matatu meupe ya kuweka vyumba mbalimbali, yakipokezana mtandao. Ya tatu ilikuwa boksi jeusi la kawaida, halina sura.

"Hii yenye pembe kila mtu anaitaka," akasema, akimgonga buibui kwa kalamu. "Ina spidi. Lakini nikuulize, vitu vyako vina haraka gani? Taa inaharakia wapi? Basi linakimbia, sawa, lina viti vingapi? Wewe hutafuti spidi, unatafuta viti. Kila kitu chako kinataka kiti kimoja, kikae, kinyamaze."

Trafiki alipenda namna ile ya kusema. Akauliza viti vya kila moja.

Makopo meupe yangebeba vitu mia na zaidi, mama wa duka alisema, wala yasingehema. Boksi jeusi lilibeba kama thelathini kwenye wimbi lake la chini, lile linalopenya ukuta, na vidude vyote vidogo vya nyumbani hukaa kwenye wimbi hilo hilo, havijui jingine. Wimbi la juu lilikuwa la kasi lakini halivuki kuta mbili.

"Kikizidi je?"

"Kikizidi, anayechelewa anakosa. Una chochote cha betri?"

"Mkeka wa kitandani."

"Basi huo ndio wa kuulinda. Vya betri vinasinzia, vinaachia kabisa, vinaamka mtu akivitikisa. Ni kama abiria aliyeshuka kununua maji. Akirudi akute kiti chake hakijakaliwa, la sivyo ndiyo basi, ameachwa." Akamtazama juu ya miwani. "Nyumbani mko wangapi?"

"Wawili."

"Na wageni?"

Trafiki akacheka. Kilikuwa kicheko kikavu, hata yeye alikishangaa. "Wageni gani? Watu wetu wanatutazama kwenye simu."

"Kwa wawili, hili jeusi linawatosha, na viti vitabaki. Mkiwa watu, chukua makopo."

Akachukua jeusi. Alihesabu vitu vyote, hata balbu ya chooni. Watu hakuwahesabu, maana kwa muda mrefu hapakuwa na watu wa kuhesabu.

Mama wa duka alifunga duka lake mchana ule akaja nyumbani mwenyewe, akihema kwenye ngazi za baraza. Alilitoa lile boksi la zamani sakafuni, akalipachika jipya juu ya kabati la korido, katikati ya nyumba. Akaunganisha kimoja kimoja. Walipofika kwenye neno la siri, Trafiki akachagua jina la mama yake. Kisha yule mama akafungua mtandao wa pili pembeni, wa wimbi la juu peke yake, akauita Wageni.

"Akija mtu na simu yake, mpe huu wa Wageni. Hawatakalia viti vya vidude vyako. Huu mwingine usimpe mtu, hata akilia."

"Na mimi je?" mzee akauliza kutoka kitini. "Mimi naingia wapi?"

"Wewe, mzee wangu, ndiye abiria mwenyewe. Wengine wote makondakta."

Mzee alifurahi kutaniwa na mwanamke mnene. Siku ile alikula sahani nzima.

Nyumba ikatulia. Ni vigumu kumweleza mtu ambaye hajaishi ndani ya nyumba inayotazamwa jinsi utulivu ule ulivyokuwa mtamu. Simu iliacha kulia. Mkeka ulilia ulipopaswa kulia, mzee akijigeuza kutaka choo, na Trafiki alikuwa mlangoni kabla hajaweka mguu chini. Kisanduku cha dawa kilisema yake. Kaka akapiga, akasema, "Naona kila kitu kiko sawa. Umejitahidi," na Trafiki akasimama korido akilitazama boksi jeusi na taa zake za kijani, macho yakamjaa machozi, akajiona mjinga. Asubuhi sauti yake barazani ilipanda. Kinyozi alimuuliza kama amepata mchumba.

"Nimepata ruta," alimjibu.

Wakaja. Kaka na mkewe na watoto wao wanne wa ujana, Kitinda na mumewe na wale watatu, na wajomba wawili waliosikia kwamba kaka yuko nchini. Nyumba ambayo kwa miaka ilisikia fimbo ya miguu minne tu ikagonga milango, ikanuka manukato, ikajaa mabegi. Mzee alikaa katikati kwenye kiti chake amevaa shati jeupe, akimshika kila mtoto uso kwa mkono wake mzima, akiwachanganya majina makusudi ili wacheke. Trafiki alikuwa hajamwona hivyo tangu mama yao yuko hai.

Hawakumaliza hata soda ya kwanza.

"Dada, neno la siri la mtandao?" Kitinda aliuliza, simu mkononi, watoto wamemzunguka.

Trafiki akawapa la Wageni. Alikuwa amelisema kwa sauti ya kawaida, akiwa amebeba sinia.

Kitinda akaisogeza simu mbali na macho, akaisogeza karibu. "Wageni?"

"Ni jina tu. Ni mtandao wa simu."

"Jamani!" Kitinda akawageukia wengine akicheka, lakini kicheko hakikufika machoni. "Mimi mgeni? Kwenye nyumba niliyong'olea meno?"

"Na wenyewe unasuasua," kaka akasema. Alikuwa barazani mlangoni, kuta mbili kutoka kwenye kabati, anaiinua simu juu kama mtu anayetafuta mwezi. "Huku haufiki kabisa. Kuna mwingine hapa, una nguvu. Huu ni wa nani?"

"Wa vifaa, kaka. Vifaa vya Baba. Ruta ina viti vyake, simu zikiingia nyingi..."

"Viti?"

Akaeleza. Alieleza vibaya. Maneno ya mama wa duka, yaliyokuwa matamu dukani, yalitoka kinywani mwake yakiwa makavu na ya kitoto: basi, abiria, kununua maji. Mjomba mmoja akacheka. Mke wa kaka akatazama sakafu.

"Kwa hiyo," kaka akasema taratibu, "muuza duka ndiye anayetupangia nani akae wapi kwa baba yetu. Vifaa ni vyangu, nimevinunua mimi. Mimi mgeni, kamera yangu mwenyeji."

"Sikusema hivyo."

"Hiyo ndiyo shida yako. Umekaa hapa mpaka umejiona mwenye nyumba."

Hata watoto walishusha simu. Trafiki alisimama na sinia lake, na alichokifikiria wakati ule hakikuwa ruta. Alifikiri kwamba mchana huu, baada ya chakula, watu hawa watakaa waamue baba yake alale wapi maisha yake yaliyobaki, na kwamba ameshaanza kushindwa.

"Mpe, Trafiki," mzee akasema. "Ni watoto wa mama yao."

Akalisema. Alilitamka jina la mama yao katikati ya sebule, wazi, kama mtu anavyoitwa kutoka chumba kingine. Kitinda akaziba mdomo. "Umeweka jina la Mama?" Macho yakamlowa, akamkumbatia dada yake, sinia likagonga glasi, na kaka mwenyewe akageuza uso kutazama nje. Kwa muda ule mfupi walikuwa watoto watatu tena. Kisha vidole vyote vikaandika. Simu za watu wazima, simu za vijana, vishikwambi, kompyuta ya kaka, saa ya mke wa kaka, simu ya pili ya mume wa Kitinda, simu za wajomba. Kuta nene za nyumba ile zikavisukuma vyote kwenye wimbi la chini, na vyote vikapata pa kukaa.

Baada ya chakula mzee alichoka. Trafiki akampeleka chumbani, akamlaza, akamvua viatu, akamfunika mpaka kifuani. Kwa kawaida angekaa naye kwenye kiti cha mbao mpaka usingizi umshike.

"Kaongee nao," mzee akasema. "Usiwaachie peke yao. Sema uongo ukibidi."

"Niseme uongo gani?"

"Waambie natembea mpaka dukani."

Akatoka, akarudisha mlango ili asisikie akizungumziwa. Alipofika sebuleni alitaka kukaa kwenye kiti cha karibu na korido. Kaka akamwonyesha kochi, pembeni ya Kitinda. "Kaa hapa, tukuone. Akijigeuza mkeka utalia. Au haufanyi kazi?"

"Unafanya kazi," Trafiki akasema.

Akakaa.

Kikao kilikuwa kirefu kuliko alivyotarajia. Wajomba walizungumza kwanza, kwa heshima zao, wakarudia waliyoyasema. Mume wa Kitinda akauliza kuhusu bima. Vyumba vingine vilijaa watoto waliojilaza na simu zao, kila mmoja na filamu yake, na sauti zao zilikuja kwa mbali, milio ya magari, vicheko vya watu wasiokuwepo. Simu tatu za ndugu watatu zilikuwa juu ya meza, chali, karibu na glasi. Trafiki alizitazama zaidi ya alivyowatazama watu. Zilikuwa kimya. Akajiambia, amelala. Akajiambia tena, shiba ile, lazima amelala. Kadiri kimya kilivyoendelea ndivyo moyo wake ulivyoshuka mahali pake, na akaanza kuzungumza vizuri. Aliwaeleza juu ya mazoezi ya asubuhi, juu ya daktari, juu ya chakula. Hakusema uongo wowote.

Mwishowe kaka alijipangusa uso kwa viganja vyote viwili. Alionekana amechoka, amezeeka kuliko Trafiki alivyomkumbuka. "Mimi nilikuja nimeshaamua," akasema. "Sitawaficha. Lakini nimemwona. Ananenepa, anacheka. Na vifaa nimevijaribu asubuhi kimoja kimoja, vyote vinaitika. Basi abaki. Abaki nyumbani kwake."

Kitinda akapiga makofi. Mjomba akasema alhamdulillah, mwingine akasema amina. Trafiki aliinuka, akawahi korido, kwa sababu habari ile ilikuwa na mwenyewe.

Mlango haukufunguka. Alisukuma, ukaenda kidogo, ukarudi. Alidhani ameubana kwa ndani. "Baba? Baba, fungua, nina neno." Akasukuma kwa bega, na hapo ndipo alipohisi uzito ule kwa chini, uzito laini, na akajua ni nini kabla hajaingiza kichwa kwenye upenyo. Mzee alikuwa ameanguka kati ya kitanda na mlango, mguu mmoja una soksi, mwingine hauna. Fimbo ilikuwa upande wa pili wa chumba. Mkono wake mzima ulikuwa umenyooka kuelekea kizingitini. Upande wa kichwa uliogonga pembe ya kabati ulikuwa umeshavimba, na damu yake juu ya sakafu ilikuwa imeanza kukauka kingoni.

Ilibidi mume wa Kitinda azunguke nje apite dirishani.

Wakati wanamnyanyua, kaka alikuwa na simu mkononi, anaisukuma kwa kidole, juu, chini. Kwenye orodha ya vifaa vitu vyote vilikuwa na alama ya kijani, kamera, kengele, saa iliyokuwa juu ya meza ya chumbani, balbu zote. Mkeka ulikuwa na alama ya kijivu. Ulikuwa haupatikani tangu kabla ya chakula. Ulisinzia mzee alipokaa sebuleni na wajukuu, na ulipoamka chini ya mgongo wake haukupata pa kukaa.

Hospitalini mzee hakusema neno tena. Alifumbua macho mara moja, akamtazama Trafiki, au alitazama upande aliokuwa amekaa. Alikufa wiki ile ile, kwenye kitanda cha serikali, chini ya blanketi ya serikali.

Baada ya mazishi, watu walipopungua, kaka aliuliza. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mhasibu anayetafuta mahali hesabu ilipoharibikia. "Ile ruta, nani aliichagua?"

Walikuwa watatu tu sebuleni. Kitinda alikuwa anatazama kucha zake. Alizitazama kwa makini, kidole kwa kidole, na hakuinua uso.

"Mimi," Trafiki akasema.

"Hawakukuambia dukani kwamba haitoshi?"

Kulikuwa na jibu. Lilikuwa limejaa kinywani, na wote watatu walilijua, neno kwa neno, kuanzia soda ya kwanza. Angeweza kulitoa, na pengine lingewavunja. Angeweza pia kuwakumbusha sauti iliyosema mpe. Lakini sauti ile ilikuwa imeshazikwa, na hakutaka kuifukua ili ije imtetee.

"Waliniambia," akasema. "Niliona tuko wawili."

Kaka akatikisa kichwa kwa muda mrefu. Hakurudia kulitaja, wala kwa simu wala kwa maandishi, na hilo ndilo lililokuwa zito. Kama angemfokea, angalau pangekuwa na kitu cha kusamehe.

Walikusanya vifaa kabla ya kuondoka, kila mtu vyake. Kaka alipanda kiti akafungua kamera zake. Kitinda alichukua kengele ya mlango, na kisanduku cha dawa kikiwa bado na vidonge vya siku zilizobaki, akavimwaga chooni, akavuta maji. Mkeka hakuna aliyeuchukua. Nyumba ilipangishwa kwa familia ya afisa mmoja wa benki, ambao walikuja na ruta yao.

Kiwanda cha uchapaji kilikuwa kimeshafunga idara ya majalada. Kitinda alimwita akaishi naye, akamwita mara mbili, na mara zote mbili Trafiki alishukuru, hakwenda.

Sasa anaishi mji mwingine, chumba cha ghorofani nyuma ya kiwanda cha dobi, na anafanya kazi hapo hapo chini, zamu ya mchana, anakunja mashuka ya hoteli.